Matumba Kumi na Moja ya Vanila

Mvanila wa Hasina ulichanua mara moja tu katika miaka tisa, na siku ulizochagua kuchanua zilikuwa siku ambazo mwenyewe yumo eda, amekaa ndani kwa kifo cha mume ambaye hakuamini kwamba ungechanua.

Mmea huo aliutoa Unguja. Mkulima mmoja wa viungo alimkatia kipande kirefu kama mkono, akamwambia asikipande mpaka jeraha likauke, naye akakiviringishia gazeti na kanga na kukilaza kwenye sanduku baina ya papa mkavu na makopo ya achari. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na minane, karibu kustaafu kutoka maabara ya serikali ya kupima maji, ambako kwa miaka ishirini na sita alitia sahihi karatasi zinazoeleza maji gani yana chumvi kiasi gani. Chumvi aliijua kuliko alivyowajua jirani zake.

Watu walioiona Azaiba, mtaa wa Kiarabu alikoishi Hasina, Januari tu huamini kwamba kila kitu kinaweza kuota huko. Hewa ni laini, bahari iko mitaa michache kutoka barabara kuu, na baridi ya kuunguza majani haijulikani. Hawajaiona Juni. Juni upepo wa gharbi hutoka jangwani ukiwa mkavu kama pumzi ya tanuri, na mmea uliozoea umande wa msituni unaweza kubabuka wote baina ya adhuhuri na alasiri. Hasina alilijua hilo kabla ya kupanda, na alipanda. Aliuweka mvanila wake kwenye uwanja wa nyuma, chini ya mwarobaini, ukutani upande wa jua la asubuhi. Ukuta huo ulitenga nyumba yao na nyumba ya shemeji yake, Saeed. Fundi mmoja wa mtaa wa Ghala alimchomea fremu ya chuma, yeye akaifunga makumbi ili mizizi ya hewani ipate pa kushika. Juu alitandaza neti ya kivuli. Kila Juni alitundika magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni, mpaka upepo uchoke.

Tatizo kubwa lilikuwa maji. Kisima cha nyumba kilikuwa na chumvi, na maji ya bomba hakuyaamini, kwa sababu za kikazi. Maji pekee aliyoyaona safi yalikuwa yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi cha chumba cha mumewe. Thabit alipenda kulala kwenye baridi, na baridi yake ilikamua hewani ndoo moja na nusu kila siku ya kiangazi, maji yasiyo na chumvi hata kidogo. Hasina aliweka pipa la buluu chini ya bomba hilo. Kwa hiyo mvanila uliishi kwa jasho la usingizi wa Thabit, jambo ambalo Thabit alilijua na kulitumia.

Kila Alhamisi jioni alikuwa na wageni, wanaume wenzake waliostaafu, na wake zao wakikaa chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Hasina akipita na sinia la kahawa, Thabit alikuwa akisema, kwa sauti ya kufika vyumba vyote viwili:

"Watu wengine kamba wananunua dukani. Wangu mie anaiotesha. Na anainywesha maji ya kiyoyozi, si maji haya munayokunywa nyinyi!"

Wageni walicheka. Thabit alingoja wanyamaze, kisha akamalizia, "Wallahi, siku itayozaa vanila moja tu, moja, ntasimama hapa hapa nseme Hasina ndiye mwenye akili na mie ndiye punda."

Hasina naye alicheka. Si rahisi kubeba vikombe kumi na vinane huku umenuna. Alicheka hivyo kila Alhamisi kwa miaka tisa, na kila alipocheka alimwekea Thabit jambo moja moyoni, kama mtu anayepanga sahani kabatini: bila kelele na bila kuvunja.

Mwezi wa Novemba Thabit aliingia hospitali na hakutoka. Hasina alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake kwa miezi miwili. Nyumbani kiyoyozi kilizimwa, pipa likakauka, na mvanila ukakaa na kiu kwa mara ya kwanza tangu uletwe. Kitabu cha kilimo alichokuwa nacho kilieleza wazi kwamba mvanila unaopewa kila kitu hauoni sababu ya kuzaa. Sharti uachwe na kiu wiki kadhaa za msimu wa baridi, uogope kidogo, ndipo utoe maua. Hasina alikuwa ameusoma ukurasa huo mara nyingi. Kila mwaka alikusudia kuufuata, na kila mwaka alipoona majani yanalegea alichukua ndoo. Hodari wa kusoma alikuwa.

Thabit alikufa mwisho wa Januari. Siku ya tatu ya matanga akaja Masouda, dada yake mkubwa, mwenye miaka sabini na minne, na sanduku lake, kukaa na wifi yake mpaka eda iishe. Alikuja pia na sheria. Nyingine zilitoka kwenye dini, nyingine zilitoka Unguja, na nyingine zilitoka kwa Masouda, na hakuna aliyejua mipaka yake iko wapi. Hasina asijitie manukato, hiyo ilieleweka. Asitazame kioo. Asipokee simu ya mwanamume. Asisimame chini ya mbingu wazi. Mfanyakazi aliyekuwa akija Jumamosi kufagia uwanja aliambiwa asije mpaka apigiwe.

Siku ya hamsini ya eda, akiosha kikombe jikoni, Hasina alitazama nje ya dirisha na kuona kwenye fundo moja la mvanila kichane kidogo cha vidole vya kijani. Alizima bomba. Alihesabu, akavua miwani akaipangusa, akahesabu tena. Yalikuwa matumba kumi na moja.

Wiki hiyo hiyo Saeed alifika mlangoni na kuzungumza na dada yake, huku Hasina akisikia kutoka ndani. Saeed alikuwa meneja wa duka la magari Wattaya, mtu mpole, asiyependa maneno. Thabit hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja, Balqees, na sheria ya mirathi ilimpa Saeed fungu lake. Fungu hilo alilitaka upande wa nyuma. Ukuta ungebomolewa, viwanja viwili viwe kimoja, na magari ya wanawe yapate pa kulala.

"Lakini si sasa," alisema. "Eda kwanza iishe. Mwambie shemegi asiwe na wasiwasi."

Hasina hakupinga. Hukumu ilikuwa hukumu. Alichofanya ni kukaa kitandani na kupiga hesabu yake mwenyewe. Mmea wa miaka tisa ulioshikana na ukuta na mti hauhamishiki. Kipande kipya kingetaka miaka mingine mitano, au tisa, naye alikuwa na sitini na saba. Eda ingeisha mwanzoni mwa Juni. Ua likirutubishwa Aprili, ganda lake hufikia urefu wake kamili katika wiki nane, ingawa kuiva ni habari ya miezi mingine mingi. Kuiva hakukuhitaji. Wala harufu. Alichohitaji ni ganda moja la kijani, refu kama kiganja, la kuliweka juu ya sinia siku ya kutoka eda, mbele ya wanawake wale wale waliokuwa wakicheka nyuma ya mlango ulio wazi. Thabit hangekuwepo kusimama na kujiita punda. Wangekuwepo mashahidi wake.

Sasa, ua la vanila lina kasoro ambayo kila mkulima anaijua. Ndani yake kuna kijiwambo chembamba kinachotenga upande wa kiume na wa kike, na mbali na misitu ya asili yake hakuna mdudu wa kukiinua. Mtu ndiye afanye. Achukue kijiti, chelewa ya ufagio inatosha, ainue kijiwambo, abonyeze kwa kidole gumba, amalize. Ni kazi ya kuhesabu mpaka tano. Lakini ua hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limekwisha, halirudi. Kichane kimoja hufungua tumba moja moja, leo hili, kesho au keshokutwa jingine.

La kwanza lilifunguka Jumanne ya mwanzo wa Aprili. Lilikuwa la rangi ya manjano iliyopauka, si zuri sana. Hasina alichomoa chelewa kwenye ufagio wa jikoni, akaisugua makali, akaenda mlango wa nyuma. Masouda alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, anachambua mchele.

"Wapi, wifi?"

"Hapo tu uwanjani. Mvanila umechanua. Ntaligusa ua mara moja nrudi."

Masouda aliweka ungo chini. "Ua?"

"Dakika moja."

"Mtu yumo eda anakwenda kuchezea maua? Na ua lenyewe vanila? Vanila si harufu hiyo, watu wanaitia kwenye keki na mafuta ya nywele?"

"Ua halinuki, wifi. Harufu inakuja baadaye sana, mpaka ganda lianikwe miezi."

"Nia ndiyo inayonuka," alisema Masouda. "Na juu yako pana nini hapo nje? Mbingu. Na darini kwa jirani wako wanawake wanaanika nguo. Watasema nini? Mume hata nyasi hazijaota juu yake, mke yuko bustanini."

"Hii nyumba yangu, Bi Masouda."

"Nani kakwambia si yako? Kaa ndani yake, basi." Kisha sauti yake ikalainika, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na alipenda kuonekana hivyo. "Sikiliza. Ntamuuliza Ustadha Nawar. Yule kasoma. Akisema ruhusa, mwenyewe ntakushikia hicho kijiti. Haya, kaa, mwanangu."

Ustadha Nawar alikuwa mwalimu wa kike wa darasa la wanawake la Jumatatu, kijana bado, anayejibu maswali ya fikhi kwa simu. Hasina alikaa. Adhuhuri ua lilikunjamana, na kesho yake lilikuwa chini kwenye udongo.

Usiku huo alichukua kitabu cha fikhi kwenye rafu, kitabu kinene alichokinunua mwenyewe, akasoma mlango wa eda wote. Kilisema hapana ubaya mjane kuzunguka nyumba yake na viwanja vyake. Kilisema anaepuka manukato na mapambo, kikayataja moja moja, mimea hakikuitaja. Alisoma mara mbili, akaweka alama, akakirudisha. Alikuwa na hakika ya jambo hilo kama alivyokuwa na hakika ya kipimo chochote alichowahi kukitia sahihi. Ila kitabu hakiwezi kusimama mbele ya watu na kukutetea, na Hasina alikuwa ameishi miaka arubaini na mmoja katika nyumba ambayo kuwa na hakika na kuwa sahihi yalikuwa mambo mawili tofauti, la pili likitolewa na wageni.

"Kajibu?" aliuliza asubuhi.

"Bado," alisema Masouda. "Ana watoto wadogo yule."

La pili likaanguka. La tatu likaanguka.

La nne lilifunguka Ijumaa, na Ijumaa Balqees alikuja kutoka Sohar, alikofanya kazi benki. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwepesi wa kukubali na mwepesi wa kusahau. Hasina alimshika mkono jikoni akamweleza yote: kijiwambo, chelewa, kidole gumba. Masouda hakuwa na neno juu ya hilo. Balqees hakuwa eda. Binti akatoka, mama akabaki dirishani, uso kwenye wavu wa mbu.

"Lishike kwa nyuma. Kwa nyuma, Balqees! Usilivute."

"Nimelishika, Ummi."

"Kwa mkono wa kushoto. Sasa pasua ule mdomo wa chini, kidogo tu, upate kuona ndani. Unaona kijingozi?"

"Naona vitu vingi."

"Kama ulimi mdogo."

"Ummi, hapa pana ndimi tatu."

"Huo wa juu! Uinue kwa kijiti, polepole, kisha... hayo makucha gani umeyabandika?"

"Ya harusi ya Lujain. Yamekuja na gundi, hayatoki mpaka wiki mbili."

"Tumia ubavu wa kidole, usitumie kucha."

Balqees aliinama karibu zaidi, ulimi wake mwenyewe umetoka pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo akichora. Hasina aliona kidole gumba kikishuka. Aliona pia kucha jekundu likitangulia. Balqees akasimama wima, ua likiwa mkononi mwake.

"Limetoka lote," alisema. "Lilikuwa limelegea, Ummi, wallahi. Tutajaribu kesho?"

Kesho hapakuwa na ua. Lililofuata lilifunguka Jumapili, na Jumapili Balqees alikuwa Sohar, nyuma ya meza yake ya benki, na makucha yake.

"Baba angecheka sana," alikuwa amesema wakati wa kuondoka, akimbusu mama yake kichwani. Alisema kwa mapenzi.

Hivyo zikaenda wiki tatu. Kila asubuhi Hasina aliamka kwa sala, akaenda dirishani. Penye ua, alikaa hapo mpaka adhuhuri, akitazama kitu cha hatua kumi na tano kutoka kwenye mkono wake kikifa kwa wakati wake. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi Masouda alijibu. Bado. Labda amesafiri. Simu yake ina matatizo. Mambo haya yanataka utafiti, si kama kuuliza bei ya nyanya. Hasina alikuwa na nambari ya Ustadha Nawar kwenye simu yake mwenyewe. Mara mbili aliandika swali na mara mbili alilifuta. Lililomzuia halikuwa dini. Aliiona picha: mwalimu akisoma, kisha akisema mahali fulani, bila nia mbaya, kwamba mjane wa Thabit anauliza habari za maua. Hakuweza kustahimili kuwa mtu anayeuliza. Masouda akiuliza, lilikuwa swali la Masouda.

Tumba la kumi na moja, la mwisho, lilifunguka Alhamisi. Gharbi ilikuwa imeanza mapema mwaka huo, siku mbili za kwanza zisizo na nguvu, na ncha za majani ya juu zilikuwa zimeshaanza kuwa za kahawia. Hasina alisali, akavaa baibui juu ya nguo zake za eda, akachukua ile ile chelewa ya ua la kwanza. Masouda alikuwa bado kwenye mswala wake chumbani. Hasina alifungua komeo la mlango wa nyuma, na mlango, uliokaa wiki kadhaa bila kutumiwa, ukalia.

Palikuwa na ngazi tatu. Alishuka ya kwanza.

Hewa ilimpiga usoni, ya moto kidogo, ikinuka vumbi na bahari. Ua alilipata kwa macho mara moja. Kutoka hapo aliweza kuona hata kijiwambo, au alijidai kukiona. Darini kwa jirani, mwanamke mmoja alikuwa akitandika shuka kwenye kamba. Alikuwa amempa mgongo. Hasina alijua kwamba atageuka, kwa kuwa shuka ina pande mbili na lazima mtu azunguke kuivuta ya pili. Alingoja azunguke. Mwanamke akageuka, akamwona, akainua mkono kumsalimu.

Ilikuwa salamu ya kawaida tu. Pengine hakuwa hata na habari kwamba mwenzake yumo eda.

Nyuma yake Masouda alisema, "Subhanallah." Neno hilo moja, si kwa ukali. Halafu, "Leo atajibu. Nimempigia jana usiku, kasema kabla ya adhuhuri. Miezi yote hii umevumilia, wifi, uharibu leo?"

Hasina alirudi ndani kwa kupanda ngazi ile moja. Alikaa jikoni na saa ya ukutani. Saa nne jibu halikuja. Saa tano halikuja, na ua likaanza kujikunja kwenye kingo. Adhana ya adhuhuri iliposikika, aliivunja chelewa vipande viwili, akaitia kwenye pipa la taka.

Eda iliisha mwanzoni mwa Juni. Hasina alioga, akavaa nguo mpya aliyoletewa na Balqees, akafukizwa udi mpaka macho yakamtoka machozi, na wanawake wakaja kumi na saba, wote wake wa wageni wa Alhamisi au dada zao. Chumba cha Thabit, chenye nafasi kubwa, kilifunguliwa na kiyoyozi kikawashwa mwisho wake. Palikuwa na halwa na kahawa, na sambusa za Masouda, ambazo kila mtu alizisifu.

Ustadha Nawar naye alikuja. Alikaa karibu na dirisha, akatazama nje, akasema, "Mama Hasina, ule si mvanila? Nimeuona kwenye picha tu. Ni kweli unachanua huku kwetu?"

"Umechanua," alisema Hasina. "Maua kumi na moja."

"Mashallah. Na umezaa?"

"Haukuzaa. Ua la vanila linataka mkono wa mtu. Tulikuwa tunangoja jibu lako."

"Jibu langu la nini, mama?"

Mazungumzo ya karibu yalipungua. Hasina hakumtazama wifi yake. Hakuwa na haja. Masouda alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia, akavipanga tena.

"Mie sikumwuliza," alisema Masouda. "Niliona haya. Mwalimu wa watu, ana watoto, nimsumbue kwa habari ya majani? Nikasema likipita limepita."

Ustadha Nawar aliweka kikombe chake chini. Alikuwa na adabu, akageuka kwa Hasina na kusema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Kwenda uwanjani kwako kushika mmea wako? Mama, ungenipelekea mwenyewe. Si ulinipelekea salamu za Idi? Ningekujibu kabla kahawa yako haijapoa."

"Najua," alisema Hasina.

Kweli alijua. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa amelijua jibu tangu ua la kwanza, lina alama kwenye ukurasa wake, na akaacha kumi mengine yaanguke akingoja mtu mwingine aliseme.

Masouda, aliyeogopa kimya kuliko dhambi, akaingilia. "Basi marehemu alikuwa na maneno, Mungu amrehemu! Mnakumbuka? Watu wengine kamba wananunua dukani..."

"Wangu mie anaiotesha!" walimalizia wawili watatu pamoja.

"Na anainywesha maji ya kiyoyozi!"

Wakacheka, kwa upole, kama watu wanavyocheka wanapomkumbuka marehemu aliyependwa. Mmoja alifuta machozi. Mwingine alimgusa Hasina gotini, kumwambia kwamba wote wanamkumbuka. Na Hasina, mwenye nguo mpya, mwenye sinia mbele yake lisilo na kitu juu yake ila vikombe, alicheka pamoja nao. Kicheko kilitoka chenyewe, kwa kipimo kile kile cha miaka yote, na kilipokwisha alikuta amekwishachukua dele la kahawa na anammiminia mtu.

Siku ya pili Saeed alipiga hodi mlango wa nyuma, peke yake, akasimama chini ya ngazi akitazama viatu vyake.

"Shemegi, mafundi wanakuja Jumamosi. Lakini Balqees kanambia jana habari za huo mmea. Mie sikujua. Kama umeanza kuchanua, tunaweza kuuacha ukuta mpaka mwakani, upate msimu mwingine. Gari zimelala barabarani miaka yote, zitalala mwaka mmoja zaidi."

Alimaanisha. Alikuwa hata amekuja mapema, kabla ya kazi, asije akaonekana amechelewa kusema.

Mwaka mmoja. Kiu ya wiki sita majira ya baridi, kichane kipya Machi, na hakuna eda, hakuna Masouda, hakuna mtu wa kuulizwa. Hasina aliyaona yote hayo kwa mpangilio, kama karatasi ya maabara. Aliona pia mwisho wake: ganda la kijani juu ya sinia, na mbele yake kumi na saba wanaokumbuka mzaha kwa moyo kuliko Fatiha. Wangesema mashallah, kisha wangeusema mzaha. Hata vanila ingekuwa sababu tu ya kuusema.

"La, shemegi," alisema. "Bomoeni. Ni kamba tu."

Saeed alimtazama kidogo, kisha akatabasamu, kwa kuwa aliitambua kauli ya kaka yake na akadhani ameambiwa kwa ukumbusho mwema. Alishukuru, akaenda.

Jumamosi mafundi walimaliza kabla ya adhuhuri. Mvanila ulishikilia makumbi yake na haukutoka kwa urahisi. Ilibidi waukate sehemu nne, na fremu ya Ghala ikapelekwa na vifusi. Uwanja ulionekana mkubwa na mweupe sana. Masouda hakuwa ameondoka; joto lilikuwa limeshika kwelikweli, na alikuwa amehamia chumba cha Thabit, ambako alilala mchana na kiyoyozi mpaka mwisho.

Chini ya bomba lile, pipa la buluu lilijaa wiki mbili baadaye, uwanja ulipokwisha kumwagwa saruji, kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Hasina alilisikia likifurika alipokuwa akiosha vyombo. Maji yalishuka kwenye saruji mpya, maji safi kuliko yote Azaiba, yakatafuta mteremko, yakaingia chini ya magari ya wana wa Saeed. Alimaliza kuosha, akafunga dirisha.